Plagi ya pini nane na kazi yake unapoovakloki

Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iende mbio kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani. Hilo vijana wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba mbio hizo hulipiwa umeme, na umeme huo haupiti pale wanapodhani.

Ile plagi pana ya pini 24 inayoonekana upesi kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, hulisha vitu vingi, lakini prosesa ina njia yake. Ni plagi ndogo ya pini nane iliyojibanza kwenye kona ya juu, karibu na soketi ya prosesa. Ilianza ikiwa na pini nne tu, mwaka 2000, enzi za Pentium 4. Huleta volti 12, kisha saketi iliyo kando ya prosesa huzishusha hadi volti moja na kitu. Ukiisahau kabisa, feni zitazunguka, taa zitawaka, na kioo kitabaki cheusi.

Kosa gumu zaidi ni la kuichomeka nusu. Kijana mmoja aliniletea mashine yake hapa Langoni, Lamu, akaanza kwa kulalamika: "Ami, nikicheza gemu dakika kumi inajizima. Nikiacha tu hivi, haina neno." Alikuwa ameshabadilisha mafuta ya prosesa, yale ya kupitisha joto, na kuagiza feni kubwa, iliyovushwa kwa boti kutoka Mokowe. Nilipofungua nikaona plagi yake ni ya vipande viwili vya pini nne nne. Kimoja kimeingia, kingine kinaning'inia nyuma ya mazabodi.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Matumizi ya prosesa hupanda pamoja na kasi, lakini volti huingia mara mbili, yaani huzidishwa kwa yenyewe. Ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10: matumizi hayapandi asilimia 20, yanapanda kama 33. Prosesa ya wati 150 imeshafika karibu 200. Gawa kwa volti 12, unapata kama ampea 17. Plagi nzima ina waya nne za kuleta umeme, nne nyingine ni za kuurudisha, kwa hiyo kila mmoja hubeba zaidi kidogo ya ampea nne. Nusu plagi ina waya mbili za kuleta, kila mmoja ampea nane na ushei. Na joto kwenye pini haliongezeki maradufu, linakuwa mara nne. Hapo ndipo plastiki hugeuka rangi ya kahawia na kunuka.

Sisi wa pwani tuna la ziada: hewa ya chumvi. Pini ikishika kutu kidogo, upinzani wake hupanda, na joto nalo.

Kwa hiyo mashine ikizima chini ya mzigo, kwanza rudisha kasi ya kawaida kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa mashine inapowaka. Ikiendelea kuzima, usiilaumu ovakloki. Chomoa waya wa ukutani, ngoja kidogo, chomoa plagi, itazame, inuse, kisha irudishe mpaka kishikizo kilie "ta". Vibadilishi vya bei rahisi, vinavyotoa pini nane kutoka plagi ya diski, mimi sivitaki hata bure.

Usiazime plagi ya kadi ya picha. Hiyo nayo ina pini nane, ila upande wa kuleta na wa kurudisha vimepishana. Matundu yake yameumbwa yakatae; ukitumia nguvu utaunguza. Na kebo za kuchomoa za pawasaplai moja, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme, usizitie kwenye nyingine, hata zikiingia vizuri, kwa sababu mpangilio wa upande wa pawasaplai kila kampuni inajipangia.

Mwisho chukua mita, upime volti 12 wakati prosesa inafanya kazi nzito. Kati ya 11.4 na 12.6 ni sawa. Zikishuka chini ya hapo na plagi ni safi, mgonjwa ni pawasaplai.