Mtaa wa Jamal Khashoggi: kibao kipya, anwani ileile

Tangu Juni 2022, anayepita mbele ya Ubalozi wa Saudi Arabia jijini Washington anakutana na kibao kilichoandikwa Jamal Khashoggi Way. Lakini ukitaka kuupelekea ubalozi huo barua, unaandika vilevile kama zamani: 601 New Hampshire Avenue NW. Sasa si barabara imebadilishwa jina? Kazi yangu ni anwani na ramani za miji, na jibu langu ni kwamba haikubadilishwa, imeongezewa jina. Anayeiona tofauti hiyo kuwa ya makaratasi tu hajawahi kukaa kwenye kikao cha kubadilisha jina la mtaa.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Khashoggi, raia wa Saudi Arabia aliyekuwa akiandika safu katika gazeti la Washington Post, aliingia ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul tarehe 2 Oktoba 2018 kufuatilia hati za kumwezesha kufunga ndoa. Mchumba wake, Hatice Cengiz, alibaki nje akimsubiri. Hakutoka. Humo ndani aliuawa na kikosi kilichotumwa kutoka Saudi Arabia, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Mahakama ya Riyadh iliwatia hatiani watu wanane, na watano kati yao waliohukumiwa kifo baadaye walipunguziwa adhabu hadi kifungo cha miaka 20. Februari 2021 Marekani ilitoa ripoti ya idara zake za ujasusi iliyosema operesheni ile iliidhinishwa na mwanamfalme Mohammed bin Salman, ambaye anakana kuiagiza. Aprili 2022 mahakama ya Uturuki ikaikabidhi kesi ya mauaji hayo kwa Saudi Arabia. Miezi miwili baadaye kibao kikazinduliwa Washington. Milango ya mahakama ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine, na waliokuwa wakidai haki wakageukia mahali ambapo bado walisikilizwa: baraza la jiji.

Baraza la jiji lina njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha jina rasmi la barabara. Hapo kila mwenye mlango kwenye barabara hiyo anaguswa: leseni, bili, mikataba ya pango, hati za nyumba, kumbukumbu za posta na za zimamoto, vyote vinafuata jina jipya. Ndiyo maana majirani, hata wanaomheshimu marehemu, huwa wa kwanza kupinga, na hoja yao huwa moja: gharama. Ya pili ni jina la heshima. Kibao cha ziada kinawekwa pamoja na kile cha zamani, na daftari la anwani haliguswi. Washington ilichagua hii ya pili, kwa sehemu moja tu ya New Hampshire Avenue, ile inayopita mbele ya ubalozi. Desemba 2021 madiwani wote waliunga mkono muswada. Sishangai kwamba hakuna aliyeupinga, kwa kuwa hakuna mpiga kura aliyetakiwa kubadilisha hata karatasi moja.

Hata hivyo, safari haikuishia kwa madiwani. Washington si jimbo, kwa hiyo sheria za baraza lake hupelekwa kwanza kwenye Bunge la Marekani na kukaa huko siku 30 za vikao kabla ya kuanza kutumika. Bunge lisipoizuia, inapita. Kibao kilizinduliwa tarehe 15 Juni 2022, mwezi mmoja kabla ya Rais Biden kutua Jeddah.

Kwangu, uzito wa kibao kile uko mahali kilipo. Ubalozi unatazamana na majengo ya Watergate, yaleyale yaliyovamiwa Juni 1972, na waandishi wa Washington Post wakaifuatilia habari hiyo mpaka Rais Nixon, ambaye watu wake walihusika, akajiuzulu. Khashoggi aliandikia gazeti hilohilo. Jina lake lingewekwa kwenye barabara yoyote nyingine ya jiji, lingekuwa kumbukumbu ya kawaida. Pale lilipo, kila anayefuata viza analisoma akiwa njiani.

Je, mji una haki hiyo? Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema majengo ya ubalozi hayaingiliwi, na nchi mwenyeji inawajibika kuzuia lolote linalouvunjia ubalozi heshima. Mwanasheria wa ubalozi anaweza kuling'ang'ania neno hilo “heshima”. Lakini barabara na njia ya waenda kwa miguu ni mali ya jiji, na jina la mtu aliyeuawa si tusi kwa yeyote, labda kwa anayejitambua ndani yake.

Mbinu hii si ngeni. Mwaka 1984 eneo la mbele ya ubalozi wa Kisovieti hapohapo Washington lilipewa jina la Andrei Sakharov, mwanafizikia aliyehamishiwa kwa nguvu mji wa Gorky kwa kuikosoa serikali yake. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Boris Nemtsov, mwanasiasa wa upinzani aliyeuawa Moscow, mbele ya ubalozi wa Urusi. Jaribio la kumweka Liu Xiaobo, mpinzani wa China aliyekuwa kifungoni, mbele ya ubalozi wa nchi hiyo lilipita Seneti mwaka 2016 likakwama baada ya Ikulu ya Obama kusema rais angelipinga. Kuna na upande wa pili: Iran iliuita mtaa wa ubavuni mwa ubalozi wa Uingereza mjini Tehran jina la Bobby Sands, Mwairishi aliyefariki katika gereza la Waingereza mwaka 1981 akiwa amegoma kula. Waingereza wakaona heri wautumie mlango wa mtaa mwingine, Ferdowsi, wasije wakaliandika jina hilo kwenye barua zao.

Prague, mji mkuu wa Czech, ilifanya kweli mwaka 2020. Uwanja wa mbele ya ubalozi wa Urusi ulipewa jina rasmi la Nemtsov, na njia katika bustani ya jirani ikapewa la Anna Politkovskaya, mwandishi wa habari aliyepigwa risasi Moscow tarehe 7 Oktoba 2006. Warusi wakahamishia anwani yao kwenye mtaa wa Korunovační, iliko idara yao ya viza. Mwaka 2022 jiji likabadilisha na kipande cha mtaa huo, kikaitwa cha Mashujaa wa Ukraine. Moscow nayo haikulala: mwaka huohuo uwanja ulio mbele ya ubalozi wa Marekani ukapewa jina la “Jamhuri ya Watu wa Donetsk”, eneo la Ukraine lililojitenga kwa msaada wa Urusi.

Ningeulizwa, ningefuata njia ya Prague. Jina rasmi linamlazimisha mhusika achague: aliandike au ahame. La heshima halimlazimishi chochote, na Wasaudia wanaendelea kuandika New Hampshire Avenue bila usumbufu. Hoja ya gharama hapo ni dhaifu, maana kipande chenyewe ni kifupi na milango yake ni michache. Hoja ninayoiheshimu ni ya zimamoto. Ukikata jina la barabara ndefu katikati, mfuatano wa namba unavunjika, na dereva wa gari la wagonjwa anaweza kupotea. Hilo lina dawa: jina la zamani linabaki kwenye mfumo wa simu za dharura kama jina mbadala, na mpokea simu akiliandika lolote kati ya mawili anapelekwa mlango uleule.

Dawa hiyo inahitajika hata pale jina linapokuwa la heshima tu. Mgeni aliyeanguka barabarani hajui daftari la jiji linasemaje. Atakayempigia simu atasoma kibao kilicho juu ya kichwa chake, na kama kilichoandikwa pale hakimo kwenye mfumo, mpokea simu hatajua ampeleke nani wapi.