Je, wajua kwa nini pampu ya kuoshea madirisha inanguruma halafu maji hayatoki?

Pampu inaweza kuwa nzima kabisa, betri imejaa, tangi lina maji, na bado brashi kule juu ni kavu. Mafundi watakwambia imeshika hewa, na hapo wengi wanaanza kufungua mota, wanabadilisha waya, wanamlaumu Mchina, kumbe shida iko kwenye ule mpira mfupi unaotoka kwa tangi kwenda kwa pampu, ambao hakuna mtu anauangalia maana hauvuji hata tone.

Nazungumzia hizi pampu ndogo za volti 12, za wale vijana wanaosimama chini na fimbo ndefu yenye brashi, maji yanapanda ndani ya fimbo mpaka kwa kioo cha ghorofa ya tatu. Hapa Kampala kazi ipo, Nakasero na Kololo ghorofa za vioo ni nyingi na kiangazi kikikaza Januari hadi Februari vumbi jekundu la murramu halibagui, ukiosha leo wiki ijayo unaitwa tena. Pampu inawekwa juu ya pikapu au toroli, pembeni kuna tangi au majerikeni.

Sasa hewa inafanyaje? Ndani ya pampu hizi kuna vikombe vidogo vya mpira, mota ikizunguka vinabonyea na kuachia, na kila kikombe kina vivalvu vyake, kimoja cha kuingiza na kimoja cha kutoa. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, livute maji, ziba mdomo na kidole halafu sukuma, haliendi popote. Rudia ukiwa umevuta hewa tupu, litaingia vizuri tu na ukiachia linarudi. Ndiyo hicho kinatokea mle ndani, kikombe kinasukuma, hewa inajikunja, kikombe kinaachia, hewa inajikunjua, valvu ya kutoa haijafunguka hata kidogo na maji mapya hayana nafasi ya kuingia. Mota nayo kwa kuwa haina mzigo inazunguka mbio, ndiyo maana sauti inabadilika inakuwa nyembamba. Ukishaizoea sauti hiyo hata huhitaji kuangalia juu.

Na hapa kuna kitu watu wengi hawajui. Maji yaliyobaki kwenye fimbo iliyosimama yana uzito, kila mita 10 za kwenda juu ni kama baa moja (kipimo cha presha) inayokandamiza ile valvu ya kutoa isifunguke. Kwa hiyo pampu ileile ambayo ingejitoa hewa yenyewe fimbo ikiwa imelala, ukiinyanyua fimbo inashindwa. Kabla hujagusa spana laza fimbo chini, fungua koki zote za mbele au chomoa kabisa mpira wa kutolea, washa, subiri ikohoe kohoe mpaka maji yatoke bila mapovu. Kama hata hivyo inakataa, nyanyua jerikeni juu kuliko pampu au jaza mpira wa kuingizia kwa maji ya bomba, ndipo uwashe tena.

Hiyo ni tiba. Kuzuia ni kujua hewa ilipitia wapi, na hapo ndipo watu wanapotea njia. Upande wa kutolea pakiwa na tundu unaona maji yanaruka, unafunga, yameisha. Upande wa kuvutia mambo ni kinyume, pampu ikiwaka mle ndani nguvu ya hewa ni ndogo kuliko ya nje, kwa hiyo tundu halitoi maji, linaingiza hewa! Unaweza kupapasa mpira wote na mkono ukabaki mkavu. Washukiwa wangu wa kwanza ni wawili, klipu ya kukazia mpira, ambayo mashimo ya barabara zetu yanailegeza polepole, na ule mpira wa duara kwenye kifuniko cha chujio, mtu anaosha chujio vizuri kabisa halafu anaurudisha umekaa upande au una chembe ya mchanga. Paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo pampu ikiwa inafanya kazi, penye tundu povu linamezwa. Au ukitaka raha nunua mpira unaoonyesha ndani, ule wenye nyuzi maana mlaini unajibana ukivutwa, mapovu utayaona yakipita.

Halafu mpangilio wenyewe. Pampu ikae chini kuliko maji, mpira wa kuvutia uwe mfupi na mpana, na usipande mlima halafu ushuke, kwa sababu hewa hupenda kukaa pale juu penye kibyongo na haiondoki hapo. Tangi nalo usilimalize mpaka tone la mwisho, maji yakibaki kidogo juu ya tundu la kutolea yanaanza kujizungusha, kinatokea kishimo cha kimbunga na hewa inaingia kupitia hapo ingawa bado unaona maji.

Wanaotumia jerikeni la njano la lita 20 wana shida yao nyingine kabisa, wametoboa kifuniko wakapitisha mpira wakabana barabara ili maji yasimwagike. Maji yanatoka, hewa haina pa kuingilia, ubavu wa jerikeni unaanza kuingia ndani na pampu inalia vilevile kama imeshika hewa, kumbe ina njaa tu. Toboa kitundu kingine kidogo cha kupumulia.

Kuna wanaolalamika asubuhi pampu ilikuwa sawa, saa nane mchana ikaanza vituko. Inawezekana si uchawi, tangi jeusi likikaa juani maji yanapata joto, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi kama ya baridi, inajitoa kama mapovu hasa pale panapovutwa. Pia kumbuka pampu haivuti kwa kweli, ni hewa ya nje inayosukuma maji kwenda kwake. Mombasa hewa hiyo inaweza kunyanyua maji kama mita 10, Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari inabaki kama 9, Kabale iliyo juu zaidi kama 8, na hizo ni za kwenye karatasi, pampu ndogo haifiki hata nusu yake. Kwa hiyo kuiweka pampu juu na maji chini huku kwetu ni kuitafutia kesi.

Kama yako si ya betri bali ni zile za umeme za nusu hospawa, za feni ndani, kuwa makini zaidi. Hiyo bila maji haisukumi kitu, hewa ni nyepesi mno kwa feni yake, na sili yake, ile inayozuia maji yasivuje, inapozwa na maji hayohayo, ikizunguka kavu inaungua. Ukisikia inalia tupu, izime, fungua bolti ya juu, jaza maji mpaka yafurike, funga, washa. Na kama inabidi uijaze kila asubuhi, angalia ile valvu ya mwisho wa mpira ndani ya maji, mara nyingi utakuta kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) kimeifanya isifunge.