Hakuna Atakayekuita: Kabla Hujavuka Mpaka Kwenda Burundi

Mama mmoja wa Kasulu alisimama dirishani petu, ofisi ya uhamiaji mpakani, kikapu kitupu kichwani, hati ya kusafiria mkononi. Alikuwa anarudi kutoka Mabanda, ng'ambo ya Burundi, alikokwenda kumzika shemeji yake. Nikafungua kurasa. Muhuri wa Burundi wa kuingia upo, na wa kutoka upo, wino wake mbichi. Wetu wa kuondoka Tanzania sikuuona.

"Mama, juzi ulipita wapi?"

"Hapahapa, mwanangu. Nilipita. Hakuna aliyeniita."

Na kweli hakuna aliyemwita. Bodaboda ilimfikisha wakati lori linapita, kizuizi kimeinuliwa, dereva akaunga nyuma ya lori. Wenzetu wa upande wa pili, nadhani kwa huruma ya msiba, wakampokea. Lakini kwenye kumbukumbu zetu mama huyu hakuwa ameondoka nchini, na mtu ambaye hajaondoka hawezi kurudi. Asubuhi yake yote ikaishia kwenye benchi, akitoa maelezo.

Abiria wa ndege hana nafasi ya kukosea namna hiyo. Uwanja wa ndege umejengwa kama mkondo wa kupitishia ng'ombe: utake usitake utafika kwa afisa. Mipaka yetu ya Kigoma haiko hivyo. Manyovu, wilayani Buhigwe, ni kilomita 60 hivi za lami kutoka Mwandiga, na ng'ambo yake ni Mugina. Mabamba iko Kibondo. Katikati ya vituo kuna mashamba, vijito na vichochoro ambavyo watu wamevipita tangu mababu, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za mtu na nduguye, na undugu haukusubiri vigingi. Kwenye mipaka ya namna hii kazi ya kumtafuta afisa ni ya msafiri. Ukiona kizuizi, shuka na uulize ofisi ya uhamiaji iko wapi, hata kama dereva anakwambia twende tu.

Kanuni ya kukariri ni fupi: unagongewa kutoka, ndipo unagongewa kuingia. Kuna vituo vya huduma kwa pamoja, kama Kabanga na Kobero kwa njia ya Ngara, ambako maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja na foleni ni moja. Hata huko, usiondoke dirishani kabla hujaufungua ukurasa na kuusoma muhuri. Soma tarehe. Soma na siku ulizopewa, maana watu wengi hudhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imefuta hesabu ya siku. Burundi imo kwenye Jumuiya tangu 2007, na Mtanzania hahitaji viza kuingia huko, lakini siku zilizoandikwa pale ndizo zako. Ukitaka zaidi, omba kabla hazijaisha. Muhuri haununuliwi, kwa hiyo kijana anayejitolea "kukusaidia" kuupata kwa elfu tano, akiwa ameshika hati yako, mnyang'anye hati kwanza halafu ndiyo mjadiliane.

Sasa niseme habari ya saa, kwa sababu hii inawalaza watu njiani kuliko jambo jingine lolote. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Kukiwa saa nne asubuhi Manyovu, Mugina ni saa tatu. Tuseme ofisi za pande zote mbili zinafunga saa kumi na mbili jioni, kila moja kwa saa yake. Wewe unatoka Makamba, unafika kwa Warundi saa kumi na moja na nusu, wanakugongea kutoka, unashukuru Mungu umewahi. Unavuka. Huku kwetu ni saa kumi na mbili na nusu na mlango umefungwa. Umeshatoka Burundi, hujaingia Tanzania, na giza linaingia. Simu haitakuokoa. Karibu na mpaka ikishika mnara wa ng'ambo saa yake hujirudisha nyuma, ikirudi kwenye mnara wetu hujisogeza mbele, na wewe hujui inasema saa ya nani. Vaa saa ya mkono na uiache kwenye saa ya Tanzania. Ulizia muda wa kufunga wa pande zote mbili siku unayoondoka, kisha panga kufika mpakani mchana.

Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, peke yake hakitoshi kutoka nacho nje. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wana makubaliano yao ya kuvushana kwa vitambulisho, sisi hatumo. Chukua pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na uiombe mapema, usingoje ufike mpakani. Mtoto naye awe na hati yake, na akisafiri na mzazi mmoja beba cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano inahitajika Burundi, na Kongo pia. Chanjo huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, basi kuchanja leo ili uvuke kesho ni kujidanganya. Kuanzia Julai 2016 kadi hiyo haina mwisho, hata ya zamani iliyoandikwa miaka 10, kwa hiyo usikubali kuchomwa tena kwa sababu hiyo tu. Mwenye gari asichanganye: bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, nayo inaitwa kadi ya njano, na ataihitaji pamoja na kadi halisi ya gari na kibali cha forodha. Akumbuke pia kwamba ukishavuka, unaendesha kulia.

Fomu ukipewa ya Kifaransa, pale penye *Nom* andika jina la ukoo, penye *Prénom* ndipo jina lako la kwanza. Watu hugeuza, kisha hati inasema huyu na fomu inasema yule.

Mzigo wa nyumbani, dagaa wako na kidumu cha mawese, hauna shida kubwa, ila uutangaze forodhani. Wa biashara una njia yake nyepesi: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi dola 2,000, hupata cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha zimezalishwa wapi, hapo hapo forodhani. Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Sisi tuliipiga marufuku Juni 2019, na Burundi nayo ina marufuku yake. Faranga za Burundi badilisha kidogo tu, na uzihesabu wewe mwenyewe kabla hujatoa shilingi zako mfukoni.

Yule mama tuliandika maelezo yake, tukamwonya kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, tukamruhusu. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Arobaini ni mwezi ujao. Nikija, nikuite wewe?"

"Mwite yeyote utakayemkuta dirishani, mama. Akichelewa, gonga kioo."

Alikuja. Aligonga kioo kabla hatujafungua.