Unacheza tena lini? Ndipo tuzungumze barafu

Siku hizi wachezaji wa hapa Malindi hawaniulizi sana habari za goti wala nyonga. Wanauliza: "Daktari, niingie kwenye barafu?" Wamewaona kwenye simu wachezaji wa Ulaya wametumbukia kwenye mapipa, meno yanagongana, halafu wanatoka wakicheka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, udaktari wamenipa wao. Na kabla sijawajibu huwa nawauliza: unacheza tena lini?

Kama una mechi leo na nyingine kesho au keshokutwa, barafu ina kazi. Misuli iliyofanyishwa kazi ngumu kuliko ilivyozoea, hasa kukimbia kwa kasi na kusimama ghafla, huchanika vichaniko vidogo visivyoonekana. Maumivu yake huanza polepole, na mara nyingi hukolea kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ndiyo maana Jumatatu unashuka ngazi kama mzee. Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza kasi ya neva zinazopeleka habari ya maumivu. Mwaka 2012 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, walikusanya majaribio madogo 17 yenye watu 366, wakaona waliokaa kwenye maji baridi waliumwa kidogo kuliko waliopumzika tu. Kumbuka lakini: kuumwa kidogo si kupona haraka. Msuli bado unajijenga kwa mwendo wake, wewe umepunguziwa kelele tu.

Tena ukiifanya kila siku inakula faida yako. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa vijana walionyanyua vyuma kwa wiki 12. Waliokaa kwenye maji ya nyuzi 10 hivi kwa dakika 10 kila baada ya mazoezi waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao walioendesha baiskeli taratibu. Ule uvimbe mdogo ndani ya msuli ndio sehemu ya ujumbe unaouambia ukue. Kwa hiyo kijana anayejenga mapaja kabla ligi haijaanza namwambia aache barafu iende kwa samaki.

Najua wapo wanaotamani vile vyumba vya baridi kali, mtu anasimama dakika mbili tatu kwenye hewa ya nyuzi 110 au zaidi chini ya sufuri. Vilianzia Japani mwaka 1978, kwa daktari Toshima Yamauchi, na havikuwa vya wanamichezo bali vya wagonjwa wa baridi yabisi. Cochrane walipovichunguza mwaka 2015 walipata tafiti nne tu zenye watu 64, karibu wote wanaume vijana, wakasema ushahidi hautoshi. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ikasema haijaidhinisha hata kimoja kwa kutibu ugonjwa wowote. Mkimbiaji Justin Gatlin aliingia na soksi zenye unyevu mwaka 2011, akatoka na miguu iliyoungua kwa baridi, mashindano ya dunia yakiwa mlangoni. Kuna aina zinazopozwa kwa gesi ya naitrojeni, nayo haina harufu na husukuma oksijeni nje ya chumba. Mwaka 2015 mfanyakazi wa saluni moja yenye chumba hicho huko Nevada, Marekani, aliingia peke yake baada ya kazi, akakutwa amekufa.

Msivisononekee. Maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, ndiyo maana mtu huvumilia hewa kali vile akatoka salama, lakini maji ya nyuzi 10 yanamtoa machozi. Pipa linatosha.

Shida yetu ni kwamba hapa baridi hununuliwa. Maji ya tangi la juu ya paa alasiri yanakaribia kuchemsha chai, na bahari yetu hata wakati wa kusi haishuki sana chini ya nyuzi 25. Kutembea baharini maji yakiwa kifuani ni kuzuri kwa miguu iliyochoka, maana maji yanaibana na kuibeba, ila msiite tiba ya baridi. Mnayotaka ni nyuzi 10 hadi 15. Hesabu yake ni hii: lita 120 za maji ya nyuzi 28, kuzishusha hadi 14, zinataka kilo 18 hivi za barafu, na jua likiwa kali ongeza kilo kadhaa. Barafu ya wavuvi inafaa, lakini isiwe ile iliyokwisha kulaza samaki. Mwenye kidonda au mchubuko wazi asiingie, na maji yasirithishwe timu nzima hadi yageuke mchuzi. Nunueni na kipimajoto. Nimewaona watu wakipima kwa kidole na kusema "sawa", kumbe maji ni nyuzi 6.

Dakika ya kwanza ndiyo yenye hatari. Ngozi ikishtuka, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha anahema mbio, moyo unadunda na presha inapanda. Kama kichwa kiko chini ya maji pumzi hiyo ya kwanza ni ya maji. Basi ingia polepole, miguu, kiuno, ukomee kifuani, na toa pumzi ndefu mpaka ule mshtuko upite, kawaida baada ya dakika moja mpaka tatu. Usizamishe uso, usishindane na mtu kubana pumzi, usiingie peke yako, na mlevi asikaribie. Dakika 10 zinatosha, 15 ni mwisho hata kama kocha anasema endelea. Ramadhani, mkicheza kabla ya kufuturu, ngoja unywe na ule kwanza.

Ukitoka, joto la ndani huendelea kushuka kwa muda, kwa hiyo kutetemeka kunaweza kuzidi ukiwa nje tayari. Jikaushe, jifunge kikoi kikavu, kunywa chai ya tangawizi, na kaa. Miguu yenye ganzi huteleza kwenye ukingo wa pipa, na mikono yenye ganzi haishiki breki ya bodaboda.

Wengine wasiingie kabisa bila ruhusa ya daktari wa kweli: wenye moyo au presha, wajawazito, wenye kisukari ambao nyayo zao hazihisi vizuri, wanaotoka vipele wakiguswa na baridi, na ambao vidole hugeuka vyeupe. Lakini kwa Pwani yetu nasisitiza selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Eneo la Kilifi, kwa sababu ya historia yake ya malaria, lina watu wengi waliobeba kinasaba hicho, na kwa mgonjwa wa selimundu baridi ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha yale maumivu makali ya mifupa. Mzazi anayejua mtoto wake anaumwa amwambie kocha waziwazi. Haya si mambo ya kuoneana aibu.

Na kama klabu yenu ina pesa ya barafu mara moja tu, iwekeni kando ya uwanja Februari na Machi, jua la kaskazi linapochoma. Mchezaji anayeanguka, anayepepesuka, anayesema maneno yasiyoeleweka huku mwili unawaka, huenda joto lake la ndani limepita nyuzi 40. Huyo hangoji gari. Pitisheni leso au shuka kifuani na chini ya makwapa ili kichwa kisizame, mtumbukizeni kwenye pipa la maji ya barafu hadi shingoni, vurugeni maji yasitulie, msimpe cha kunywa kama akili haijarudi, na mmoja apige simu. Akianza kutetemeka au fahamu zikirudi, aghalabu ndani ya dakika 15 hadi 20, mtoeni na apelekwe hospitali hata akiapa kwamba yuko sawa.