Shoka chini ya lango: vyombo vya nyumbani katika uganga wa jadi wa Wafini

Watu wakishajua kwamba ninachunguza uganga wa jadi wa Ufini, huniuliza hirizi zao zilikuwa za namna gani, nao hushangaa ninapowatajia shoka, kufuli, sindano, wavu wa samaki na kipande cha sabuni. Mkulima wa Kifini wa karne ya 18 na ya 19 hakuwa na haja kubwa ya kitu kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya uganga. Alichukua kilichokuwa kimetundikwa ukutani, akakitumia, na mara nyingi akakirudisha palepale ili kesho yake kipasue kuni kama kawaida.

Mtaalamu wa mambo hayo aliitwa tietäjä, jina linalotokana na kitenzi chenye maana ya kujua, hivyo tafsiri iliyo karibu zaidi ni mjuzi. Sisi mganga wetu tumempa jina kutokana na kuganga, yaani kutengeneza kilichoharibika. Mfini alimpa wake jina kutokana na anachokijua, na alichotakiwa kukijua kuliko vyote ni asili ya vitu. Neno la pili la kushika ni väki. Katika Kifini cha kawaida lina maana ya watu waliokusanyika, na zamani lilitumika hata kwa jeshi. Katika uganga lilitaja nguvu iliyomo ndani ya aina fulani ya vitu au mahali: moto una väki yake, maji yana yake, na vivyo hivyo msitu, chuma na makaburi. Wasimulizi wenyewe waliyumba baina ya maana hizo mbili, mara wakiizungumzia kama joto lililomo jiweni, mara kama umati wa viumbe wasioonekana, na nadhani tunakosea tunapowalazimisha kuchagua moja.

Tazama siku ya kuwatoa ng'ombe zizini baada ya miezi mirefu ya baridi. Kwa desturi ilikuwa siku ya Mtakatifu George, 23 Aprili, na palipokuwa bado na theluji mifugo ilitolewa kwa muda mfupi tu kisha ikarudishwa ndani. Chini ya lango waliweka shoka, au mundu mrefu wa kukatia nyasi, pengine na kufuli, na ng'ombe wakapitishwa juu yake mmoja mmoja. Mama mwenye nyumba naye aliweza kusimama juu ya lango akiwa ametanua miguu ili kundi lote lipite chini yake, kwa sababu iliaminika kwamba maumbile ya mwanamke yana väki yao, yenye uwezo wa kukinga. Kitendo hicho kiliitwa harakointi, na watoto pia walikingwa kwa namna hiyo. Ninachopenda katika tukio hili ni kwamba kila chombo kinafanya kazi yake ileile ya kila siku: kufuli linafunga, ila safari hii linafunga kinywa cha dubu na cha mbwamwitu, makali yanakata, ila yanachokata ni husuda ya jirani.

Chuma kilistahili tahadhari ya pekee, kwa kuwa kinachokinga ndicho kinachojeruhi. Mtu akijikata kwa shoka, mjuzi alikariri asili ya chuma, iitwayo raudan synty, kabla ya kuizuia damu. Masimulizi yake maarufu yamo katika wimbo wa 9 wa Kalevala, utenzi ambao Elias Lönnrot aliutunga kutokana na nyimbo za wanavijiji na kuutoa mara ya kwanza mwaka 1835, kisha kwa sura kubwa zaidi mwaka 1849. Chuma kilikuwa maziwa yaliyodondoka kutoka matiti ya wasichana watatu wa asili: meusi yakawa chuma laini, meupe yakawa chuma cha pua, mekundu yakawa chuma kinachovunjika upesi. Mhunzi alitaka asali ya nyuki ili kukipoza, lakini nyigu akamletea sumu ya nyoka, na chuma kikavunja kiapo chake cha kutomdhuru ndugu yake. Hapo mjuzi hukikaripia chuma kama mzee anayemkaripia kijana mwenye majivuno, akikikumbusha kwamba hakikuwa na ukubwa wowote kilipokuwa bado maziwa kifuani mwa msichana.

Nguvu hizi ziligongana pia. Mwanamke akiruka wavu au bunduki, vyombo hivyo vilihesabiwa kuwa vimeharibika, na dawa mojawapo ilikuwa kuvifukiza moshi. Wavu usiokamata kitu haukuwa jambo dogo kwa kaya iliyotegemea ziwa, na ikidhaniwa kwamba mtu ameuharibu kwa makusudi, hatua kali zaidi zilichukuliwa. Chini ya sakafu ya kanisa kuu la Kuopio, mashariki mwa nchi, vilipatikana vijeneza vidogo vya mbao, na ndani yake mlikuwa na vyura, wengine wakiwa wamechomwa pini au wamefungwa kwa kipande cha wavu. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba chura alizikwa kama binadamu ili kumrudishia ubaya aliyeharibu uvuvi. Mtu fulani aliketi akachonga jeneza dogo, lenye kifuniko chake, kwa uangalifu uleule ambao angempa marehemu wa nyumbani kwake.

Sabuni iliyotajwa hapo mwanzo ni ile iliyomwosha maiti. Ilihifadhiwa kwa sababu ilishika kalma, yaani nguvu ya mauti, ambayo iliweza kuponya au kumdhuru mtu kutegemea mkono ulioishika. Kuhusu para, kiumbe mwizi wa maziwa na krimu aliyesemekana kuundwa kwa matambara na vijiti vya kusokotea uzi, nitaandika siku nyingine, maana huyo anastahili makala yake.

Tatizo letu watafiti ni kwamba shoka lililolala chini ya lango asubuhi moja tu halibaki na alama yoyote. Tunategemea maneno yaliyoandikwa, hasa hazina ya Jumuiya ya Fasihi ya Kifini, iliyoanzishwa mwaka 1831, na mkusanyo wa maneno ya kiganga ambao Lönnrot aliutoa mwaka 1880. Vinavyosalia kwa macho ni vile vilivyofichwa ndani ya majengo, ambavyo Sonja Hukantaival alivichunguza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Turku ya mwaka 2016. Mfano ninaourudia kila mara ni wa kizingiti: walitoboa tundu kwenye ubao, wakatia zebaki ndani ya shina la unyoya wa ndege, wakalisukuma ndani na kuziba, na tangu hapo mchawi hakuweza kuvuka. Ukiling'oa gogo la namna hiyo leo, utaona kidoa cha duara palipopigwa kigingi, na ni rahisi sana kudhani kwamba seremala alikosea mahali pa kutoboa.