Mfarishi wa saini ni nini?

Mfarishi wa saini ni tandiko la viraka vilivyoungwa, na karibu kila kiraka kina jina la mtu aliyeliandika kwa mkono wake. Kwenye harusi, wanaoandika ni wageni. Maharusi wanabaki na majina ya waliokuja, na usiku wa kipupwe wanajifunika nayo.

Neno mfarishi utalikuta zaidi kwenye kamusi kuliko madukani. Mwambie fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, "nataka mfarishi" na huenda akakutazama kidogo. Mwambie "blanketi la viraka, la kuandikwa majina" atakuelewa mara moja, kisha atakuuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wa kufanya harusi atake viraka. Ana haki ya kuuliza. Kwetu kiraka ni cha nguo iliyochanika. Hivi havizibi tundu lolote. Vinakatwa vipya, kwa kipimo kimoja, ili vikae na wenzake.

Desturi hii ilishika kasi Marekani kuanzia miaka ya 1840. Zilikuwa siku za familia kuhamia magharibi ya mbali, na anayeondoka alipewa mfarishi wenye majina ya jamaa na majirani ambao pengine asingewaona tena. Mji wa Baltimore ulijulikana kwa mifarishi yake iliyopambwa maua na vikapu vya vitambaa. Wino nao ulisaidia: ule wa zamani wenye chuma ulikuwa ukila nguo taratibu, mpaka ukapatikana wino wa kudumu usiouharibu uzi. Baadaye watu wakaanza kutoza senti chache kwa kila jina, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mifarishi mingi ikashonwa kuchangia Msalaba Mwekundu.

Sasa tazama. Miaka hiyohiyo meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha Unguja majora ya pamba ambayo pwani nzima ikayaita marikani. Na kanga zetu, wazee wanasimulia, zilianza kwa leso: wanawake walinunua leso sita zikiwa kitambaa kimoja kirefu, wakazikata tatu tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu. Kuunga vipande, basi, hatukufundishwa na mtu. Kuandika juu ya nguo ndiyo usiseme. Ila kanga ina jina moja tu, na aghalabu linamlenga jirani. Mfarishi una majina mengi na haumsemi mtu.

Tulipomshonea binti wa dada yangu, nilijifunza kwamba kazi yote iko kwenye kalamu na kitambaa. Chukua marikani au pamba nyingine nyeupe isiyo na nailoni. Ifue kwanza, ili wanga wa dukani utoke na kitambaa kijikunje kabla hakijakatwa. Piga pasi, kata viraka vya inchi 8 na nusu, halafu chora kwa penseli mstari hafifu inchi moja ndani ya ukingo. Mgeni aandike ndani ya mstari huo. Fundi atakula robo inchi kila upande, na ukiwaachia watu kiraka kitupu, mwenye mwandiko mkubwa atajikuta nusu ya jina lake imeingia kwenye mshono.

Kitambaa kinacheza chini ya kalamu. Dawa yake ni rahisi: kipande cha msasa laini kilichogundishwa juu ya ubao. Ukitandika kiraka hapo, hakiendi popote.

Kalamu ndiyo iliyonitia aibu. Nilinunua maka nene ya kuandikia maboksi, kwa kuwa imeandikwa kwamba haifutiki. Kweli haikufutika, ila ilitambaa. Jina la ami yetu likawa wingu la bluu. Tafuta kalamu nyembamba ya kuandikia nguo, iandike kwenye kitambaa cha ziada, kiache kikauke, kipitishie pasi ya moto, kifue kwa sabuni, kisha tazama. Fanya hivyo wiki moja kabla, si asubuhi ya nikaha. Mwenye subira anaweza kuitarizi kila saini kwa uzi kwa kufuata mwandiko, na hapo wino hata ukipauka hapana hasara.

Watu waandike kabla ya kushona. Wapo wanaoshona kwanza wakatandaza mfarishi mzima mezani, na kwa picha unapendeza. Mimi siupendi mtindo huo. Tone moja la mchuzi wa pilau limeharibu kazi ya mwezi, wakati kiraka kimoja kikichafuka unatupa na kukata kingine.

Kwa harusi za Tanga kuna jambo jingine: wanaume wako barazani na msikitini, wanawake wako ndani. Kwa hiyo gawa viraka mafungu mawili, na umpe kila fungu mtu mwenye ulimi mzuri. Waeleze kwamba hili si daftari la michango, maana wengine wakiona kalamu wanaanza kutafuta pochi. Bibi yetu aliandika kwa herufi za Kiarabu, polepole, akalirudia jina la marehemu mumewe chini ya lake. Kiraka hicho tulikiweka katikati.

Viraka 48, sita kwa nane, vinatoa kitu cha inchi 48 kwa 64. Ukitaka ukubwa zaidi, zungusha vipande vya kitenge pembeni, au vichanganye katikati ya vyeupe. Chini weka shuka jepesi badala ya sufi nene, kwa joto letu; chini kabisa kitambaa cha mgongo. Piga bandi tabaka zote tatu, pitisha cherehani, kunja pindo. Ufuliwe kwa maji baridi na uanikwe kivulini.

Vyetu vitatu tuliviacha vyeupe kwa waliokosa kufika. Kimoja tulikipeleka Mombasa kwa basi, kwa shangazi. Kimerudi na majina manne, na matatu kati yake hakuna anayeyajua.