Kinyozi hajinyoi, sasa wewe kushevu alikufundisha nani?

Hebu fikiria kidogo. Baiskeli kuna mtu alikushikia kiti huku anakimbia nyuma yako, kufunga kamba za viatu kuna mtu alichuchumaa akakuonyesha, hata ugali kuna siku ulisimamiwa jikoni unaambiwa songa, songa, acha uvivu. Ila kunyoa ndevu? Waulize washkaji hapo kijiweni nani alimfundisha, utaona wanaangaliana halafu kila mtu anaanza kusimulia alivyojikata.

Mimi nilianza kidato cha tatu, bwenini, na wembe mtupu, yaani ule wa kwenye kikaratasi, nimeuvunja katikati nimeushika kwa vidole viwili, kioo changu ni dirisha la bafu, maji hamna maana zamu yetu ya kuteka ilikuwa bado. Nikanyoa kavu. Nikakwangua kutoka kooni kupanda juu sababu niliona huko ndio zinatoka vizuri, nikajipapasa, laini kama chupa, nikaenda kulala najiona mwanaume kamili. Siku ya tatu shingo imekuwa kama ganda la fenesi. Likizo nafika nyumbani mjomba wangu ananiangalia, anauliza, "Mjomba, ulipigana na paka?" Watu wote barazani wakacheka, na somo likaishia hapo hapo, hakuna aliyesema basi njoo nikuonyeshe.

Sasa kwa nini iko hivi? Sababu moja ni kwamba zamani kunyoa haikuwa kazi yako kabisa, ilikuwa kazi ya kinyozi. Wembe wa enzi hizo ulikuwa wa kukunja, unanolewa, unasuguliwa kwenye ukanda wa ngozi kabla ya kugusa shavu la mtu, na mkono usipotulia unachana koo. Ule ni ufundi, mtu anakaa chini ya fundi muda mrefu ndio anapewa wateja. Na ndio maana wazee wakasema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Yaani hata fundi mwenyewe akigeuza wembe kwake anaharibu, sembuse mtoto wa kidato cha tatu.

Halafu akaja mmarekani mmoja anaitwa King Camp Gillette, muuza bidhaa wa kusafiri safiri, mwaka 1895 akapata wazo la wembe mwembamba usionolewa, ukiisha makali unatupa unaweka mwingine. Kuutengeneza ikawa shughuli, chuma chembamba kiasi kile kukipa makali kulishinda watu mpaka akapatikana injinia William Nickerson. Wakaanza kuuza mwaka 1903, na mwaka huo mzima waliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu, hata duka la mtaani linafanya zaidi. Mwaka wa pili mambo yakabadilika, na vita vya kwanza vya dunia vilipofika jeshi la Marekani likawa linawapa wanajeshi wake vifaa vya kunyolea, mamilioni ya vijana wakarudi makwao kila mmoja na wembe wake na mazoea ya kujinyoa mwenyewe. Mimi naona hapo ndio mnyororo ulikatika. Wembe ulitoka kwa fundi ukaenda mfukoni kwa kila mtu, ila ufundi wenyewe ukabaki kule kule kwa fundi. Ulichopewa wewe ni kipakti.

Na kwetu kuna kitu kingine cha kuchekesha. Jandoni vijana walifundishwa mambo mengi, madrasa nako tulifundishwa vizuri tu, masharubu yapunguzwe, kucha zikatwe, kwapa na kinena visiachwe zaidi ya siku 40. Wenzetu wa kike huku pwani wana somo, mama mtu mzima anamkalisha mwali chini anamwambia kila kitu bila kuzunguka. Ila ndevu, mafundisho yanasema fuga, kwa hiyo ustadhi anakufundishaje kunyoa kitu ambacho anataka ukiache? Na baba naye anaondoka alfajiri kwenda kazini, ananyoa wakati wewe umelala, au anaenda saluni Jumamosi anapitishiwa mashine. Humwoni. Mtoto wa kiume anakua anaamini ndevu za baba zinapotea zenyewe.

Cha ajabu ni kwamba somo lenyewe tulikuwa nalo mdomoni miaka yote. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tunaitumia kuonyana, jirani kafukuzwa kazi basi na wewe jiandae, lakini isikilize kama ilivyo: aliyeitunga alikuwa anajua kunyoa. Udevu mkavu ni mgumu kweli kweli. Udevu, kama kucha, umetengenezwa kwa protini inaitwa keratini, na ule ugumu wake kwa sehemu unatokana na vifungo vidogo vidogo ndani yake ambavyo maji yakiingia yanavilegeza, udevu unavimba kidogo, unakuwa laini, na wembe unapita kwa nguvu ndogo sana kulinganisha na mkavu. Lakini maji hayaingii papo hapo, yanataka dakika mbili tatu, na usoni kuna mafuta ambayo yanayazuia. Ndio kazi ya sabuni hiyo, inatoa mafuta kwanza, halafu povu linayashikilia maji pale pale yasikauke na wembe uteleze. Kwa hiyo mtu anayenyoa baada ya kuoga na yule anayenyoa kabla ya kuoga wanatumia wembe ule ule ila hawafanyi kazi moja. Mimi miaka mingi nilikuwa nanyoa kwanza ndio naingia kuoga, nilidhani naondoa vinyweleo vilivyobaki, kumbe nilikuwa nafanya kinyumenyume.

Tuje kwenye vile vipele sasa, maana hapo ndio wengi tunateseka na tunadhani ni uchafu au wembe una sumu. Hapana. Ni umbo la udevu. Nywele zetu zimejikunja, na hazianzi kujikunja zikishatoka nje, hata kile kitundu ndani ya ngozi kimepinda. Sasa ukivuta ngozi ukanyoa kwa kurudisha, yaani kinyume na zinakolala, wembe unaukata udevu wakati umevutwa juu, ukiachia ngozi unarudi ndani, ncha yake iko chini ya ngozi na imekatwa upande kama mkuki. Baada ya siku moja mbili unaanza kukua, ila unakua kwa kupinda, kwa hiyo badala ya kutoka kwenye tundu lake unachoma ukuta pembeni. Au unatoka vizuri kabisa halafu unapinda kama ndoano unaingia tena kwenye ngozi ya jirani. Mwili hauelewi kwamba huyu ni mtu wa nyumbani, unamwona mwiba, unaleta vita, unapata uvimbe, unapata usaha, baadae kidoa cheusi. Ile laini kama chupa niliyoisifia bwenini ndio hasa ilikuwa tatizo.

Hii kitu ni ya kawaida sana kwa watu weusi kiasi kwamba jeshini Marekani, ambako kunyoa ni amri, madaktari walikuwa wakiwaandikia wanajeshi wenye vipele ruhusa ya kutonyoa mpaka chini kabisa. Na ndio maana pia zile za kisasa zenye nyembe nyingi hazitusaidii sana watu wa nywele zetu. Mwaka 1971 kampuni ya Gillette ilileta ya nyembe mbili, 1998 tatu, baadae tano, na sifa yake kubwa ni hiyo hiyo, kwamba ya mbele inauvuta udevu na ya nyuma inaukata chini zaidi. Mzungu mwenye ndevu zilizonyooka anafurahi. Wewe unalipia bei kubwa ili vipele vije vimepangwa mstari.

Ukitaka kujua zako zinalala wapi, ziache siku mbili tatu halafu pitisha kidole. Upande unaoteleza ndio upande wake, upande unaokwaruza ndio kinyume. Shavuni kwa wengi zinashuka chini, hiyo rahisi, lakini shingoni ni vurugu, kuna zinazolala kando, kuna zinazopanda juu, kuna sehemu chini ya taya zinazunguka kama maji kwenye sinki, na upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Yaani hata kama baba angekuamsha alfajiri akakufundisha, angekufundisha shingo yake. Ya kwako lazima uipapase mwenyewe. Ukishajua, nyoa kwa kuzifuata, usivute ngozi sana, usikandamize, usirudie rudie pale pale, na ukubali kubaki na vichembe kidogo. Wenye ngozi sumbufu kabisa ni bora mashine ya umeme inayoacha kama milimita moja, sio dhambi. Na kama vipele vimeshajaa, dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa wiki tatu nne hivi, maana udevu ulioingia ndani ukishafika urefu wa kama sentimita moja unakuwa kama springi, unajivuta nje wenyewe. Wiki ya kwanza utaonekana umefiwa, vumilia. Usitumbue kwa kibanio, unaacha kovu. Vikiwa na usaha mwingi au vimekuwa mabonge magumu, nenda kamwone daktari wa ngozi.

Haya, na wale mnaonyoa ndevu ambazo hazipo ili zije nyingi, mnajijua. Shuleni kwetu kulikuwa na jamaa ananyoa kidevu kitupu kila Jumapili kwa imani. Jambo hili lilishapimwa zamani sana, mwaka 1928 mwanasayansi wa Marekani Mildred Trotter alifuatilia watu wanaonyoa, akapima na kulinganisha, akakuta kunyoa hakuongezi kasi wala unene wa ndevu. Na ukifikiria ni lazima iwe hivyo, wembe unakata kitu kilichokwisha kufa, mzizi uko chini huko haujapata habari. Kinachotudanganya ni ncha. Udevu ambao haujawahi kukatwa unaishia na ncha nyembamba kama ya unyasi, ukishaukata ncha inakuwa butu kama kisiki, ukigusa unahisi mgumu, ukiangalia unaonekana mweusi zaidi. Na huyo mvulana alikuwa anakua, zingekuja tu hata angenyoa kwa kijiko.

Wembe wenyewe nao una kisa. Chuma cha wembe ni kigumu kama mara 50 kuliko unywele, sasa kwa nini unaisha makali? Wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani waliweka wembe chini ya darubini kali wakaukatisha nywele huku wanaangalia, wakatoa majibu 2020: makali hayalainiki polepole kama sabuni, yanameguka vipande vidogo mno, hasa unywele ukija kwa upande na pale ambapo chuma hakiko sawasawa ndani yake. Yaani wembe wa wiki mbili ni msumeno mdogo. Ukiuona unavuta badala ya kukata, tupa, usiukandamize ili umalizie, hapo ndipo damu inapotoka.

Na huo wembe ni wako peke yako. Najua bwenini tulikuwa tunapokezana kama kalamu, lakini damu usiyoiona kwa macho inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na virusi hivyo vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo kuusuuza kwa maji ya bomba ukampa mwenzako ni kujidanganya. Kwa kinyozi vile vile, wembe wa kuchongea ndevu aufungue mbele yako, kama hataki badilisha saluni, usione aibu.

Ukishamaliza suuza na maji ya baridi. Ile spiriti wanayokumwagia mpaka machozi yanatoka, inaua vijidudu sawa, ila inakausha ngozi, na kuwaka kwake hakumaanishi inafanya kazi zaidi. Vinyozi wa zamani walikuwa na shabu, sio ile ya madawa ya kulevya jamani, jiwe jeupe kama barafu linauzwa kwa wauza dawa za asili, unalilowesha unapitisha usoni, linakaza ngozi na vidonda vidogo vinaacha kutoa damu pale pale. Bei yake ni ya kuchekesha na kipande kimoja kinakaa mpaka unakisahau.

Juzi nilikuwa kwa kinyozi wangu, jamaa ana ndevu zimechongwa vizuri mno, mstari kama umepigwa na rula, shingoni hana hata kipele kimoja. Nikamuuliza hizo unajinyoaje mwenyewe kwa ustadi hivyo. Mashine iko mkononi inaunguruma, hakujibu, akainua tu kidevu kunionyesha saluni ya ng'ambo ya barabara.